Poda ya Sitini na Moja

Ilikuwa poda ya watoto wachanga, ile inayouzwa kila spaza, viduka vya mtaani vya Hillbrow, na walinimwagia kopo zima. Ilinijaa kwenye nywele, masikioni, ndani ya kola ya blauzi, na kila nikivuta pumzi napiga chafya. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapiga vigelegele na kucheza mbele yangu, viatu mkononi. Papa, baba yangu, alisimama karibu na mimbari ameinua matokeo yangu kwa mikono miwili ili hata wa viti vya nyuma wayaone, ingawa hata wa viti vya mbele wasingeweza kusoma namba ndogo vile.

"Sitini na moja kwa mia!" alisema. "Mwaka wa kwanza! Kwa Kiingereza! Huyu njo mwana wangu!"

Ukumbi mzima ukaitikia aleluya. Kanisa letu lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji, mahali palipokuwa duka la fanicha enzi hizo, na kelele zetu zilikuwa zinashuka ngazi mpaka kwa wauza soksi wa barabarani. Ilikuwa Desemba 2015. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza mwaka wa kwanza wa digrii ya sayansi, na nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Asiyetoka kwetu inabidi nimweleze hiyo poda. Kwetu Lubumbashi, Kongo, matokeo ya chuo hayasomwi chumbani kwenye simu. Yanatangazwa mbele ya watu, jina kwa jina, na aliyepita akitoka nje ndugu zake wanamsubiri na makopo. Anarudi nyumbani kwa miguu, mweupe toka kichwani mpaka mabegani, haoshi, hapangusi, ili kila anayepishana naye ajue. Na alama za kwetu si za hapa. Hamsini umepita, na wanaopita si wengi. Sitini wanakuita mtu mwenye akili. Sabini wanaandika distinksioni, daraja la sifa, na mtaa mzima utakusifu. Papa alifundisha kemia sekondari miaka kumi na mmoja kabla hatujaja Johannesburg, na alikuwa akijisifu kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kupata kwake sabini na tano.

Hapa, kwa anayetaka kuingia udaktari, sitini na moja ni alama ya kuonewa huruma. Papa hakujua. Mimi nilijua, na uchungu wa habari hii yote uko hapo.

Nilijua wiki ileile. Jirani yetu alikuwa mama mmoja msusi, muumini mwenzetu, na chumba chake na chetu vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, kwa sababu mwenye fleti alikuwa ameigawa sebule vipande viwili ili aweke wapangaji zaidi. Ukikohoa kwetu, kwake wanakuambia pole. Msusi huyo alikuwa na binti wa rika langu, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg, anayeelewa Kiswahili chetu chote lakini akikujibu ni Kiingereza. Alisoma uhasibu chuo kilekile nilichosoma mimi. Tulikutana kwenye ngazi, maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla hatujahamia, kila mmoja na ndoo yake ya maji.

"Sitini na moja?" aliniuliza. "Ndiyo wamekumwagia poda?"

"Kwani wewe umepata ngapi?"

"Sabini na nne. Na mimi hata sitaki udaktari." Akabadilisha mkono wa kubebea ndoo. "Wanaochukuliwa udaktari wana themanini, dada. Mwambie baba yako."

Eish, nilimchukia msichana yule! Nilimalizia ngazi nikimtukana kimoyomoyo: anajidai, anaringa, Kiingereza cha puani. Lakini hakuniongopea. Njia niliyokuwa nimepanga kuifuata ilikuwa ile ya wenye digrii: unamaliza digrii ya sayansi, unafanya mtihani wa kuingilia, unaitwa kwenye usaili, na ukichukuliwa unaanzia udaktari mwaka wa tatu moja kwa moja. Masharti yake yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kitivo na nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu. Nilichofanya ni kujifanya sikuyaona.

Sikumwambia Papa. Sababu nimejitafutia nyingi tangu hapo. Nilikuwa mdogo. Nilimwonea huruma, maana yeye ni mlinzi wa maegesho ya magari mjini, anayeitwa "we" na watoto wa wenye magari, na Jumapili ndiyo siku pekee anayoitwa Papa Katibu, kwa kuwa ndiye katibu wa kanisa na msomaji wa matangazo. Yote kweli. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilipenda. Nilipenda vile vigelegele. Nilipenda watu wazima kuniita Dokta. Nilipenda uso wa Papa. Mama alibaki Lubumbashi na mume mwingine, hiyo ni habari ya siku nyingine. Papa amenilea peke yake tangu nina miaka tisa, na uso kama ule sikuwahi kumwona nao kabla ya siku ya poda. Nikanyamaza.

Isije ikaonekana udaktari niliutaka kwa ajili ya vigelegele. Niliutaka kweli, tena kwa hasira. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipogeuzwa mkalimani wa magonjwa ya watu. Akina mama wa kanisa hawakujua Kiingereza, mimi nilikuwa nakijua cha shuleni, basi asubuhi yoyote nisiyo na shule walinipitia twende kliniki. Nilikaa kwenye benchi nikisikia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia: mimba zilizoharibika, maji maji yanayotoka, waume. Nesi anauliza kwa ukali, mimi nafasiri kwa upole. Mgonjwa anajibu kwa machozi, mimi nafasiri bila machozi. Siku moja nesi alisema mbele yetu, "Hawa watu wanazaa tu," na mama niliyemsindikiza akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema upumzike. Nilitaka siku moja nikae upande ule mwingine wa meza. Sikuwa na ndoto nyingine, na sikutaka nyingine.

Basi mtu mwenye hamu hiyo alipaswa kusoma mpaka macho yamtoke. Mimi nikishashangiliwa sisomi. Mwaka wa pili nilipata sitini, wa tatu sitini na mbili. Ni kweli 2016 chuo kilifungwa wiki nyingi kwa maandamano ya karo. Ni kweli nilipoteza siku chungu nzima kwenye foleni za makaratasi ya ukimbizi Pretoria. Lakini binti wa msusi alifungiwa chuo kilekile, na yeye alizidi kupanda. Kila Desemba Papa alipanda mimbarini na namba yangu, kila Desemba akina mama walikuja na makopo, na mimi niliinamisha kichwa nimwagiwe. Mwaka wa pili nilifumba macho, ati kwa furaha. Sikutaka kumwona binti wa msusi, aliyekaa safu ya nne amekunja mikono.

Mwishoni mwa 2017 nikaomba. Nilipita mtihani wa kuingilia kwa kubanabana, sikuitwa usaili, na jibu likaja kwa barua pepe ya mistari minne. Nilimwambia Papa hawajanichukua.

"Kwa nini?"

"Alama, Papa."

"Alama gani? Hizi?" Alikwishazitoa kwenye bahasha ya plastiki anamozihifadhi. "Hapana, bana. Hapa kuna kitu. Wameona jina la Kikongo, wameweka pembeni. Kesho tunaenda."

Nilimwomba tusiende. Nilimwambia ofisi imefungwa, nikamwambia wanataka miadi, nikamwambia naumwa tumbo. Papa alipiga pasi suti yake ya Jumapili, na asubuhi tukaenda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno yake ya Kiingereza, anayarudiarudia, nami nilikuwa natembea nyuma yake nikiomba Mungu itokee mvua, mgomo, chochote.

Kwenye dirisha la udahili alikuwepo mwanamke wa makamo, mpole. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Papa aliweka matokeo yangu mezani, akayanyoosha kwa kiganja, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba yeye ni mwalimu wa kemia, amesahihisha mitihani maisha yake yote, na anaomba aonyeshwe ni nani mwenye alama za juu kuliko hizi aliyechukuliwa badala ya binti yake.

Yule mama hakucheka. Alinitazama mimi kwanza, na nikajua amenielewa. Kisha akatoa karatasi, ile ile iliyokuwa kwenye ubao wa matangazo, akaigeuza imwelekee Papa, akaweka kidole. Kuanzia sabini na tano: distinksioni. Kidole kikashuka. Kikashuka tena. Kwenye sitini kilisimama.

"Hii inatosha kuomba, baba," alisema. "Kuchukuliwa ni jambo lingine."

Papa aliisoma karatasi ile kama mwalimu anavyosoma, kutoka juu mpaka chini, halafu akarudi juu. Akasema asante. Akarudisha matokeo yangu kwenye plastiki.

Tulitembea kurudi Hillbrow. Kwenye roboti, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu na magari yanapita, ndipo akauliza bila kunitazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Mwaka wa kwanza."

Taa ikawa kijani, watu wakavuka wakitupiga vikumbo, yeye hakuvuka. "Miye nilisimama mbele ya watu," alisema. "Mara tatu."

Heri angenipiga. Papa si mtu wa kupiga, na siku ile nilimchukia kwa hilo pia.

Nilifikiri mambo yameishia pale. Jumapili ya kwanza ya Januari 2018, Papa akiwa mbele na karatasi yake ya matangazo, mchungaji alimkatiza kwa furaha zake. "Papa Katibu, kabla hujaendelea! Dokta wetu je? Ameanza?"

Watu wote wakageuka kunitafuta. Nilikuwa kwenye kwaya, safu ya pili. Papa alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye karatasi.

"Ameanza," alisema. Akaendelea na tangazo la mazoezi ya vijana.

Vigelegele! Nyumbani nilimfuata mpaka kwenye jiko letu la umeme lililo kwenye kona, nikamwambia kwa kunong'ona, kwa sababu ya ule ubao, "Papa, kwa nini umesema vile?"

Alikuwa anakatakata majani ya mihogo, hakuacha. "Weye ulininyamazia miaka miwili," alisema. "Miye nimesema neno moja. Sasa enda ulifanye kuwa kweli."

Hivyo ndivyo nilivyosoma udaktari mwaka mzima wa 2018 bila kusoma udaktari. Nilichokuwa nasoma hasa ni mwaka mmoja wa nyongeza juu ya digrii yangu, kwenye maabara ya chuo, ili nipate alama mpya za kuonyesha nikiomba tena. Maabara wanavaa koti jeupe. Nilikuwa nalivua kabla sijaingia mtaani kwetu nikilikunja ndani ya mkoba, lakini siku moja msusi aliliona limeanikwa dirishani, akalishika mkono, akalia machozi. "Aksanti Mungu," alisema, "mtoto tuliyekuwa tunatembea naye kliniki!" Nilisimama pale na vibanio vya nguo mdomoni.

Kanisa likanunua kipimo cha presha. Nani alitoa wazo sijui, na nikimjua nitamlaumu mpaka kaburini. Kila baada ya ibada niliwekewa meza nyuma ya ukumbi, na akina mama walewale niliowafasiria walipanga foleni, wananyoosha mkono. Kazi yenyewe ya kuvimbisha kitambaa na kusoma namba hata mtoto wa sekondari anaiweza. Lakini baada ya namba wanataka neno. Mmoja, mwenye sukari, aliniuliza kama anaweza kuacha vidonge kwa sababu ameombewa.

"Usiache, Mama," nilimwambia. "Nenda kliniki wakuangalie."

"Basi twende weye ukanifasirie, Dokta. Safari hii watatuheshimu."

Jamani! Nilienda. Benchi lilelile, rangi ileile ya ukuta. Nesi alituita, akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Kabla sijafungua kinywa, Mama akajibu kwa neno moja la Kiingereza alilolimudu vizuri, kifua mbele: daktari! Nesi akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Daktari wa wapi?"

"Mimi ni mwanafunzi," nilisema.

"Wa udaktari?"

"Bado."

Akacheka puani, akaandika kitu. Mama akanivuta mkono: anasema nini? Nikamwambia anasema hongera. Miaka kumi kasoro kidogo ilikuwa imepita tangu nianze kufasiri pale, na bado nilikuwa naongopa kwenye benchi lilelile, sasa kwa faida yangu. Njiani kurudi Mama alikuwa ananishukuru, na mimi nilikuwa namjibu kwa mkato mpaka akaniuliza kama nimechoka.

Hasira ile niliipeleka kwenye vitabu, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuipeleka. Nilisoma maabara mpaka mlinzi aanze kugonga funguo zake. Nilisoma kwenye ngazi kukiwa na kelele chumbani. Nilifika mahali Jumapili nikipima presha za watu huku nikikariri mzunguko wa homoni kichwani. Sikuwa nasoma kwa upendo wa elimu, nisiseme uongo mwingine. Nilikuwa nasoma kama mtu anayekimbizwa. Nilimaliza mwaka na sabini na nane. Nilimwonyesha Papa. Aliiangalia, akauliza, "Kwa alama za hapa, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni distinksioni. Akatikisa kichwa taratibu, akairudisha kwenye plastiki pamoja na zile nyingine. Desemba hiyo hakukuwa na poda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatangaza, na safari hii hakutangaza.

Binti wa msusi alijua yote. Alikuwa anapita maabara yetu akienda maktaba, alikuwa ananiona. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mtu. Siku moja tu, kwenye ngazi, alisema, "Nilikuambia umwambie." Nilimpita na ndoo yangu. Ukarimu wake ule uliniuma kuliko angenitangaza.

Nilikuwa nimeomba tena, nikafanya mtihani wa kuingilia tena, na safari hii nikaitwa usaili. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: wanaume wawili na daktari mmoja mama mzee, mwenye miwani ya kamba. Kwenye chumba cha kusubiria, wenzangu walikuwa wananong'onezana wamejiandaa kusema nini. Mmoja aliniambia, "Wewe una bahati, una hadithi ya ukimbizi. Watalia." Na kweli nilikuwa nayo. Papa mlinzi, foleni za makaratasi, maandamano, chumba cha ubao. Nilikuwa nimeipanga nyumbani mbele ya kioo, nikajua mpaka mahali pa kushusha sauti.

Wa kwanza akafungua faili. "Miaka mitatu ya sitini, halafu ghafla sabini na nane. Sitini zile zilitokana na nini?"

Nikafungua kinywa niseme Papa ni mlinzi, na nikamwona Papa akilini, kwenye roboti na bahasha yake ya plastiki. Sikuweza kumsimamisha tena mbele ya watu.

"Kwetu sitini ni alama nzuri," nilisema. "Baba yangu aliamini ni nzuri, kanisa letu likaamini. Mimi nilijua si nzuri tangu mwaka wa kwanza, nikawaacha wanishangilie. Ndiyo maana zilibaki sitini."

Mwanamume mmoja akatazama saa. Yule daktari mama akavua miwani.

"Kwa hiyo uliwadanganya."

"Ndiyo."

"Na mgonjwa naye akikupenda, utamdanganya?"

Nilimkumbuka Mama wa sukari, kifua mbele. Nikasema, "Nimeshafanya. Ndiyo maana najua ninavyojisikia baadaye." Na hapo, kwa aibu yangu, nikalia, na haikuwa mahali nilipopanga kulia. Walinipa karatasi laini, wakanishukuru, wakaita mwingine. Niliteremka kilima nikijiambia basi, imekwisha, umejichongea mwenyewe.

Jibu lilikuja siku chache kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, nikiwa nafua. Nilisoma barua pepe ile nikiwa na povu mikononi, nikaisoma tena nimejifuta, nikaingia ndani kumwamsha Papa aliyekuwa amelala baada ya zamu.

Aliisoma kwa kufuata na kidole. Alipofika kwenye neno la kukubaliwa kidole kikasimama, akanitazama, na nikauona. Ule uso. Miaka mitatu nilikuwa nauiba, na sasa ulikuwa wangu halali. Akainuka kitandani, akafungua kinywa, kifua kikajaa pumzi ya kupiga ukelele ambao ungefika mpaka barabarani.

Upande wa pili wa ubao, msusi alikohoa.

Papa akafunga kinywa. Ile pumzi niliisikia ikitoka puani, polepole. Alikaa tena, akairudia barua kutoka juu, na sasa alisoma kama mwalimu.

"Mwaka wa tatu," alinong'ona. "Wameandika unaingia mwaka wa tatu."

"Wenye digrii wanaanzia hapo, Papa."

"Kanisani wanajua umemaliza wa kwanza. Unaingia wa pili." Akahesabu kwa vidole, akaacha. Akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha hata chembe. "Unaona, mwana wangu? Ukweli umepita uongo wetu. Hata nikiwaambia, nianzie wapi?"

Nilitaka kumwambia tuseme yote, Jumapili hii, mimi nitasimama mwenyewe. Niliyafikisha maneno mpaka kwenye meno. Halafu nikafikiria safu za viti, meza ya presha, akina mama mikono imenyooshwa, na Papa amesimama mbele na karatasi ya matangazo. Nikanyamaza, kama nilivyozoea.

Papa alisimama na fulana yake ya kulalia, akaenda kwenye rafu ya juu ya vyombo. Nyuma ya chupa ya mafuta kulikuwa na kopo la poda, bado lina kifuniko cha karatasi hakijatobolewa. Alilinunua lini sikumuuliza. Akakitoboa kwa ncha ya kisu, akamimina kidogo kwenye kiganja, kijiko kimoja hivi, akanipaka utosini kwa mkono mzima, akibonyeza, midomo yake inacheza bila sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mlangoni pakabishwa. Alikuwa msusi, anaomba chumvi.

"Nakuja, Mama," Papa akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Akachukua taulo kwenye msumari, akanipangusa kichwa, mbele, nyuma, kando ya masikio, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha aone kama kuna iliyobaki. Kisha akaenda kufungua.